Majimbo Manne ya Tonton Bertin

"Hivi nyinyi Wakongo mkisema 'kwetu', huwa mnakusudia wapi hasa?"

Bi Mauwa wa ghorofa ya chini ndiye aliyewahi kumuuliza Laetitia swali hilo. Walikuwa wamekutana kwenye ngazi, nje mvua inanyesha, mifuko ya soko imewakata vidole wote wawili. Bi Mauwa ni mtu wa Ujiji. Kwake yeye, kwetu ni mtaa wenye msikiti, shule na nyumba ya shangazi, na ukiuzunguka wote unarudi nyumbani chai haijapoa. Laetitia alicheka siku ile, akajibu kwamba kwao ni Uvira, akapanda zake juu.

Swali lilimrudia asubuhi moja ya Alhamisi, mwezi wa pili mwaka 2010, Maman Kasoki alipoketi mbele ya meza yake akiwa bado na koti na glavu.

Ofisi ya Laetitia ilikuwa chumba kimoja pale Saint-Josse, juu ya duka la vitambaa la Mturuki. Mlangoni palikuwa na kibao chenye jina lake na nambari ya kibali cha mpelelezi wa kujitegemea. Zamani alikuwa polisi Uvira. Hapa Brussels kazi yake kubwa ilitoka kwa kampuni za bima: mtu amedai mgongo umeumia kazini, basi Laetitia anakaa ndani ya gari kutwa nzima kumwangalia kama atabeba friji. Waume watorokaji hakuwafuata. Alikuwa na desturi ya kuwaambia hivyo wanawake wote wanaopanda ngazi zile, kabla hawajafungua kinywa, na Maman Kasoki naye akaambiwa.

Maman Kasoki alitabasamu kidogo. "Mume wangu eko mu kaburi, Maman Laetitia. Hawezi kwenda mbali."

Kisha akaeleza shida yake, polepole, kama mtu anayemwaga maji asilowanishe sakafu. Yeye na wenzake ni Wamama wa Rozari wa Etterbeek, wengi wao wajane, waliotoka pembe zote za Kongo. Kwa miaka walikuwa wakiweka akiba ya pamoja ili siku moja wafungue kazi moja nyumbani, kazi ya kulisha watu na kuwapa wao wenyewe mahali pa kurudi. Mwaka uliopita wakakubaliana kwamba siku imefika, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana kila mama alikuwa na nyumbani kwake. Wa Katanga walitaka shamba la mahindi kandokando ya Kalemie. Wa Kivu walitaka kahawa, kwa kuwa Butembo kulikuwa na kituo cha kuoshea kahawa ambacho mwenyewe alitaka kukiacha. Wa Bas-Congo walisimama na mawese ya Mayombe, na wengine wakasema mchezo wote huo ni wa nini, ng'ombe wa Bandundu wapo. Ukiwapigia ndugu simu, kila ndugu anasema kwake ndiko kuzuri, tumeni.

Basi wakamchagua mtu asiye na ndugu hata upande mmoja. Ndiye Tonton Bertin, "mjomba" wa wote, mwalimu wa zamani wa Kisangani, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya, mtu ambaye hata akikukanyaga kwenye tramu anakuomba radhi mara tatu. Alikwenda Novemba, akazunguka majimbo manne, akarudi karibu na Noeli na majibu.

"Bas-Congo ni ya kwanza," Maman Kasoki alisema. "Bandundu ya pili, Katanga ya tatu. Kivu ya mwisho. Anasema ile machine ya kahawa ilishakufa, udongo ulichoka, hakuna kitu. Dimanche, Jumapili hii, kisha misa, tunapiga kura. Na bote banamuamini."

"Na wewe?"

"Mimi nilimutazama wakati anasema Kivu. Alikuwa anatazama viatu vyake."

Laetitia akamwambia kwamba kutazama viatu si ushahidi. Maman Kasoki alikubali. Akavua glavu, akaiweka mikono yake mezani, mikono iliyopasuka kwa sabuni na maji ya moto, na akasema yeye ni mhudumu katika nyumba ya wazee. Ilikwisha kupangwa kwamba kahawa ikichaguliwa, yeye ndiye atakayerudi Butembo kuisimamia. Mwenye nyumba alikwisha ambiwa kwamba baada ya Pasaka atafute mpangaji mwingine. Kahawa isipochaguliwa, hana safari.

"Nilifunga macho ya bazee wengi hapa," alisema. "Batoto yabo banakuya mara moja moja, banaikala na koti, banatazama saa. Yangu atafunga nani? Kama Kivu ilikufa kweli, bon, nitakubali. Nitazeekea hapa kama benzangu. Lakini nataka mutu aniambie ilikufa kweli."

Laetitia aliifungua kalamu yake.

Mchana huohuo alikwenda Etterbeek kwa Maman Viviane, mwenyekiti wa kikundi, mwenyeji wa Lubumbashi, mwanamke mnene mwenye miwani ya mnyororo. Alikaa kwenye ghorofa iliyotazamana na ofisi za Ulaya, na sebuleni kwake vitu alivyorudi navyo Tonton Bertin vilikuwa vimepangwa mezani na kufunikwa kitambaa cheupe, kama altare siku ya Ijumaa Kuu. Alikifunua kwa heshima. Chupa ya mawese ya Mayombe, nyekundu na nzito. Kipande cha ngozi ya ng'ombe. Gunzi la mahindi lenye punje zote. Mfuko wa kahawa ambayo bado haijakaangwa.

Laetitia alianza na kahawa, kwa sababu ndiyo aliyotumwa. Maman Viviane akamwambia asijisumbue. Maman Kasoki mwenyewe alikwisha inusa mbele ya watu wote na kuapa kwamba ile ni kahawa ya Butembo, hakuna nyingine. Sasa kama kahawa ni ya Butembo, Tonton Bertin ameitoa wapi kama si Butembo?

"Maman Kasoki ni dada yangu," aliongeza, akishusha miwani. "Lakini batu ba Butembo, ukibaambia mulima yabo haiko ya kwanza, banalia."

"Na batu ba Katanga?"

"Sisi tulikuwa ba troisième, ba tatu, na hatukulia." Akairudishia kahawa kamba yake. "Bon. Tulilia kidogo."

Zikaja picha. Laetitia alizitandaza kwa majimbo, akazipitia kama alivyofundishwa: kwanza kilichomo, halafu kisichokuwamo. Picha za Bas-Congo zilikuwa nyingi, na katika karibu kila moja Tonton Bertin alikuwamo, mara ameshika mkungu wa chikichi, mara amesimama na wakulima, kofia mkononi. Bandundu vilevile, yeye na ng'ombe, ng'ombe na yeye. Katika picha za Kalemie na Butembo kulikuwa na mashamba, milima, wanawake wanaochambua kahawa. Bertin hakuwamo hata moja. Alipouliza, Maman Viviane akajibu kwamba kule alikuwa peke yake, nani angempiga picha? Laetitia hakubisha. Mpiga picha wa Bas-Congo naye alikuwa ni mtu tu aliyeombwa njiani.

Jambo la pili lilikuwa ule mpangilio wenyewe. Bas-Congo, Bandundu, Katanga, Kivu. Aliutazama akiwa mtu wa mashariki, akajitahidi kuutazama akiwa mtu wa magharibi, na mara zote mbili akaona kitu kilekile. Ubora wa ardhi ulipungua kadiri mtu alivyotoka Kinshasa. Karibu na Kinshasa kila kitu kilistawi. Ukienda mbali, udongo umechoka na mashine zimekufa. Nchi kubwa namna ile haipangiki vizuri hivyo.

Akauliza Tonton Bertin aliwasiliana nao vipi akiwa safarini, na hapo uso wa Maman Viviane ukalainika. Kila Jumamosi ya Majilio, saa sita mchana, wamama walikusanyika kwake kusali Malaika wa Bwana, simu iko katikati ya meza, sauti imefunguliwa, na Tonton Bertin akasali nao kutoka mahali alipo. Siku ya Kalemie, kengele ya kanisa la hapa mtaani ilipoanza kulia, na kengele ya kule ikalia ndani ya simu. Siku ya Butembo ikawa hivyohivyo.

"Kengele mbili, Laetitia. Moja hapa, moja kule. Tulipiga magoti bote, ata Georgina mwenye goti mbaya. Tulisema Mungu amefunga inchi yetu na hapa na kamba moja."

Laetitia aliitikia kwa kichwa. Aliiona habari ile ni nzuri, wala hakuiandika popote.

Aliyoyaandika yalikuwa mawili: ama mtu huyu hakufika mashariki, ama alifika na kuna aliyemlipa aseme vibaya. Kwa hilo la pili Maman Viviane mwenyewe alimpa pa kuanzia, ingawa hakukusudia. Alisema Tonton Bertin si mtu wa anasa, hata matembezi yake ni kwenda tu kwenye duka la Sudi karibu na Gare du Nord na kurudi. Na Sudi, Brussels nzima inajua, anauza mawese.

Ijumaa Laetitia alishuka Gare du Nord. Watu wa ofisi walikuwa wanatoka kwenye minara ile ya vioo, kadi zinaning'inia shingoni, wanakimbilia treni. Duka la Sudi lilikuwa mtaa wa nyuma: dagaa, unga wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa, na ukuta mzima wa chupa nyekundu zenye mchoro wa mchikichi na neno Kongo. Mwenyewe alikuwa mtu wa Kigoma, mwembamba, ana kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi.

Laetitia aliweka kibali chake juu ya meza, akamuuliza moja kwa moja kama ana shamba au mshirika Bas-Congo.

Sudi alikisoma kibali, akakirudisha. "Dada, ushuru nimelipa."

"Mimi si wa ushuru. Nauliza mawese haya yanatoka wapi."

Sudi akatazama mlangoni, kisha akainama. "Ghana."

"Chupa imeandikwa Kongo."

"Imeandikwa Kongo kwa sababu Wakongo hawanunui ya Ghana. Wakiyaonja wanalia, wanasema haya ndiyo ya kwetu. Sasa mimi nani niwatie huzuni?"

Laetitia alishindwa kujizuia, akacheka. Njia ile ilikuwa imeziba. Mtu anayenunua mafuta ya Ghana hana sababu ya kumhonga mtu ayasifu ya Mayombe. Lakini polisi wa zamani haondoki dukani na swali moja, kwa hiyo akauliza Bertin huwa anakuja kufuata nini, maana si mnunuzi mkubwa.

Sudi akajibu kwamba mwalimu huja kuuliza barabara. Yeye Sudi, mbali na dagaa, husafirisha magari mitumba kwenda Mombasa, na kutoka Mombasa madereva huyapeleka Uganda, yakavuka mpaka hadi Beni na Butembo. Madereva wakifika humpigia simu. Kwa hiyo habari za barabara ile anazo mbichi kila wiki.

"Kabla hajasafiri alikuja mara nyingi," Sudi alisema. "Swali lake moja tu: Beni mpaka Butembo, watu wanapita salama? Namwambia wanapita, mwalimu, mabasi yanapita, wauza vitunguu wanapita. Anasema asante. Baada ya siku chache huyo tena, swali lilelile."

"Na aliporudi?"

"Alikuja Januari. Akaniuliza, Beni mpaka Butembo siku hizi kukoje?" Sudi alikuna kofia. "Nikamwambia, mwalimu, mimi ndiye wa kukuuliza wewe, si umetoka huko juzi? Akacheka kile kicheko chake cha kuomba radhi. Akanunua dagaa, akaenda."

Laetitia naye alinunua dagaa. Njiani kurudi Saint-Josse alikwenda kwa miguu. Sasa alikuwa na mtu anayeuliza habari za barabara ambayo eti ameipita. Ila hilo halikutosha kumsimamisha mtu mzima mbele ya wanawake waliomwamini. Bertin angeweza kusema barabara hubadilika, na angekuwa amesema kweli.

Jumamosi aliamua kuzifuata nyayo zenyewe. Maman Viviane alikuwa amemwambia kwamba Kalemie Tonton Bertin alilala kwa mapadri wa misheni, na namba ya misheni ile Laetitia aliipata kwa mtawa mmoja wa Uvira. Aliipanga saa yake vizuri. Padri ni mtu wa kuhangaika. Njia ya kumpata ni kumpigia mara tu anapotoka kusali Malaika wa Bwana mchana, kabla hajaenda mezani. Kwa hiyo alikaa na simu mkononi, akangoja. Kengele ya kanisa la Saint-Josse ilipolia saa sita, alifanya ishara ya msalaba, akasali mpaka mwisho, akabonyeza namba.

Aliyepokea alikuwa mpishi wa misheni, mwanamume mwenye sauti ya usingizi. Laetitia akamwomba Padri.

"Padri analala, maman. Alishakula."

"Alishakula saa hii? Kengele ya midi, ya saa sita, haijalia?"

"Ya midi?" Mpishi alicheka kwa upole. "Ile ililia zamani, maman. Tulishaosha ata masahani. Hapa ni treize heures, saa saba."

Laetitia akaitazama saa yake. Chini, Mturuki alikuwa anavuta vitambaa vyake ndani kwa sababu ya mvua. Mpishi akasema alo, alo, na Laetitia akamuuliza lile alilompigia: je, Majilio yaliyopita walipata mgeni kutoka Ulaya, mwalimu mrefu, jina lake Bertin? Mpishi alifikiri. Majilio hawakuwa na mgeni kabisa. Vyumba vya wageni vilikuwa vinapakwa rangi, na rangi yenyewe ni yeye mpishi aliyeipaka.

Alipokata simu aliyapanga mambo kwenye karatasi, kwa sababu alitaka kuyaona. Kongo ni nchi kubwa hata mchana unaingia mara mbili. Kalemie, Lubumbashi, Goma, Butembo, wote wa mashariki wanafika saa sita mapema; Kinshasa, Bas-Congo na Bandundu wanafika saa nzima baadaye. Na Brussels inahama: wakati wa kiangazi inakwenda sawa na Kivu, baridi ikija inakwenda sawa na Kinshasa. Hakuna Mkongo wa hapa asiyejua, maana kila mtu ana mama au dada wa kumpigia na hataki kumwamsha. Wale wamama walijua. Yeye mwenyewe alijua. Lakini mtu aliyepiga magoti hatazami saa, na zile kengele mbili zilipolia pamoja, jambo walilopaswa kulishuku ndilo walilomshukuria Mungu.

Kengele ya mchana iliyolia pamoja na ya Etterbeek katika mwezi wa Desemba haiwezi kuwa ya Kalemie. Wala ya Butembo. Siku zote mbili Bertin alikuwa upande wa Kinshasa.

Laetitia angeweza kungoja kesho yake, ukumbi umejaa, akasimama na kulisema mbele ya wote. Alimpigia Maman Viviane badala yake, akamwomba alasiri ile awaite watu wawili tu: Tonton Bertin na Maman Kasoki.

Walikutana jikoni. Tonton Bertin aliingia akiwa na mkate wa zabibu kwenye mfuko wa karatasi, akaomba radhi kwa kuchelewa ingawa hakuwa amechelewa, akakaa mwisho wa meza na koti kwenye mgongo wa kiti. Alikuwa mrefu, mwenye mvi safi, na skafu iliyofungwa kama ya mtoto wa shule. Maman Kasoki alikaa dirishani. Maman Viviane alisimama na birika.

Laetitia alimweleza yeye ni nani na ni nani aliyemtuma. Hakumficha.

"Tonton," alisema, "ile samedi, Jumamosi ya Kalemie, ulipiga simu kutoka wapi?"

"Kalemie. Ku mission, kwa bapadri."

"Na ile kengele?"

"Ya midi. Malaika wa Bwana." Alimgeukia Maman Viviane kwa tabasamu. "Si tulisali pamoja?"

"Mulisali pamoja. Na hapa pia ilikuwa midi."

Nyuma ya Bertin birika lilitua juu ya jiko kwa kishindo.

"Treize heures," Maman Viviane alisema taratibu. "Kalemie ilikuwa treize heures. Na mimi ni mutu wa Katanga. Mimi ndiye nilisema ni kamba ya Mungu." Akavua miwani. "Tonton, ulikuwa wapi?"

"Kinshasa, maman."

"Na ya Butembo?"

"Kinshasa."

Hakuna aliyemsukuma baada ya hapo. Alikuwa kama mlango ambao komeo lake limekwisha toka. Bas-Congo alikwenda kweli, alisema, wala asiongezewe dhambi ya huko. Alitembea Mayombe mpaka kucha zikang'oka. Bandundu alikwenda. Halafu akakata tiketi ya ndege ya Beni, akaenda uwanjani na mfuko wake, akakaa kwenye kiti, na walipoita abiria miguu ikakataa. Alirudi siku nyingine, ikakataa tena. Ya Kalemie hakuijaribu hata kidogo. Uwanja wenyewe alikuwa hawezi tena kuuona. Basi akashuka kwa wachuuzi wa Kinshasa wanaopokea mizigo ya majimbo yote, akapata mahindi ya Kalemie na kahawa ya Butembo, akawauliza maswali mpaka wakamchoka, na picha akazinunua kwa mfanyabiashara mmoja.

"Kahawa ilikuwa ya Butembo kweli," Maman Kasoki alisema kutoka dirishani. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema.

"Ya Butembo kweli, maman. Siwezi kukuletea ya uongo."

Laetitia alirudi kwenye lile alilotumwa. "Ile machine ya kuosha kahawa. Ilikufa?"

"Sijui."

"Ulisema ilikufa."

"Nilisema."

"Udongo ulichoka?"

"Sijui, maman. Bachuuzi banasema bado ni muzuri sana." Aliifungua skafu, akaifunga tena. "Nilijua Kivu ikichaguliwa, nani atapanda ile barabara. Si bote. Ni Maman Kasoki peke yake."

Maman Viviane akaanza kusema kwa ukali. Walimtuma akaone, alisema, si akawachagulie nani aende kwao na nani abaki. Wamama walifunga na kusali kwa ajili ya safari ile, na Georgina mpaka leo goti halijapona. Angesema mengi zaidi, lakini Laetitia alimgusa mkono, kwa sababu mzee yule alikuwa bado hajamaliza.

Alisimulia kwa kifupi, akitazama mkate ule ambao hakuna aliyeukata. Mwaka 2000, Kisangani ilipolipuka, yeye na mdogo wake walikimbilia mashariki kuitafuta Uganda. Walitembea, wakapanda malori, wakatembea tena, mpaka wakafika Beni, na huko wakaambiwa mpaka umefungwa, wajaribu upande wa Butembo. Katikati ya njia watu wenye bunduki walisimamisha lori. Hakuwahi kujua ni wa nani. Abiria walipoambiwa wakimbie, yeye alikimbia kulia na mdogo wake akakimbia kushoto. Ndiyo sababu aliwaambia wamama kwamba hana ndugu upande wowote. Hilo halikuwa uongo.

Maman Viviane alikaa.

"Tonton," Maman Kasoki alisema, "ulikuwa unanichunga?"

"Ndiyo, maman."

"Bila kuniuliza."

"Bila kukuuliza."

Maman Kasoki aliondoka dirishani, akavuta kiti, akakaa karibu naye, goti kwa goti, kama anavyokaa kazini na wazee wake. Akasema yeye ile barabara ameipita akiwa mtoto mgongoni, ameipita akiwa bibi harusi, ameipita siku ya kukimbia, na anaijua. Akimwambia haiogopi atakuwa anamdanganya. Lakini ataipita. Atakwenda baada ya Pasaka kuangalia, kuangalia tu, na kituo kile kikiwa kimekufa, atapiga simu na kusema kimekufa, hata kama ni kwao.

"Kesho hakuna kura," Maman Viviane alisema. "Tutangoja." Akafikiri. "Na Kalemie? Nani ataenda Kalemie?"

"Wewe," Laetitia akamjibu. "Au munabaki troisième."

Maman Viviane akamtazama kwa jicho la pembeni, ila hakukataa. Laetitia akaongeza neno moja la haki: ripoti ya Bas-Congo na Bandundu isitupwe, kwa kuwa ile mtu aliiona kwa macho yake, na huenda mawese bado yakashinda. Maman Kasoki akasema kama yatashinda, yashinde. Atajua ameshindwa na nini. Tonton Bertin naye akasema kesho, kabla ya mtu mwingine yeyote kusimama, atasimama yeye na kuwaambia wamama. Hakuna aliyemzuia.

Laetitia alikuwa amekwisha chukua mkoba wake Maman Kasoki alipouliza.

"Ndugu yako, jina lake nani?"

"Bienfait."

"Eko wapi?"

Tonton Bertin akainua mkono, akachora hewani juu ya meza, kama mwalimu anayechora ramani ubaoni.

"Ukitoka Beni, mbele ya kufika Maboya, kuko fasi barabara inashuka ku kamuto. Ukivuka kamuto, ku mukono wa kushoto, kuko jiwe kubwa lenye kupasuka katikati. Nyuma ya jiwe. Nilirudia kumutafuta asubui." Mkono ulibaki hewani. "Nilimufunika na majani ya migomba, maman. Sikukuwa na jembe."

"Nyuma ya jiwe, ku kushoto," Maman Kasoki alirudia, ili aishike. "Nitasimamisha gari pale. Nitakuwa na jembe, na batu ba kunisaidia, na nitamuwekea musalaba wenye jina yake."

Tonton Bertin alisimama. Aliuchukua mkono wa Maman Kasoki, ule uliopasuka, akaushika katika mikono yake yote miwili kwa muda, akauachia. Akalitoa koti kwenye kiti, hakulivaa, akafungua mlango wa jikoni, akapita sebuleni, akatoka.